Kinywaji Kilichomkondesha Rajabu

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, upepo wa ziwa ukipita uani kwetu Mirongo, mjini Mwanza, na sisi tumejikunyata juani na kanga mabegani, nilipomwona bibi mmoja akibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Alibonyeza taratibu, akangoja kidogo, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Nilisubiri lijae, halikujaa. Mimi ni mzee sasa, nimeona mengi na nimezika wengi, lakini lile shimo dogo katika mguu wa mtoto tuliyekuwa tukimsifu mtaa mzima lilinishtua kuliko mambo mengi makubwa yaliyonipata baadaye.

Nimelikumbuka kwa sababu yenu. Naona siku hizi mnazo hizo blenda, mnasaga maembe, mapapai na maparachichi, mnachanganya na maziwa, mnakunywa wenyewe na watoto mnawapa. Nafurahi. Lakini baridi ya mwezi wa sita ikianza tu, blenda inafungiwa kabatini. Mtoto anarudishiwa uji mweupe na chai ya rangi mpaka joto lirudi. Nikiuliza, naambiwa matunda na maziwa yanaleta kifua wakati wa baridi. Maneno hayo nayajua. Niliyasikia kabla mama zenu hawajazaliwa, na najua mtoto mmoja yalikaribia kumfikisha wapi. Basi weka hiyo simu pembeni unisikilize.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, habari za uhuru zikizungumzwa sokoni, barazani na hata kwenye foleni ya maji. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachumbiwa, nakaa kwa dada yangu Mwajuma nikijifunza kushona kabla ya kuolewa. Mume wake, shemeji Saidi, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba nje ya mji, na msimu wa pamba ukifika alikuwa hulala hukohuko. Nyumbani tulibaki mimi, dada, na mwanawe wa kwanza, Rajabu, aliyekuwa ameanza kutembea muda si mrefu.

Dada alipata mimba ya pili mapema. Enzi zile mwanamke akijua ana mimba alimwachisha mtoto ziwa siku hiyohiyo, maana waliamini maziwa ya mama mjamzito ni sumu. Kwa hiyo Rajabu aliachishwa ghafla, na ilikuwa baridi imeshaanza. Dada hakuwa mvivu wala mchoyo, nataka ulijue hilo. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Alimkorogea uji wa unga wa muhogo asubuhi, mchana na jioni, wa moto, wenye sukari tele, ili apate joto mwilini. Papai hakumpa, alisema lina ubaridi. Maziwa yaliyoletwa na jamaa wa Kisesa kwa baiskeli yalitiwa kwenye chai yetu sisi wakubwa, kwa sababu mtoto akinywa maziwa wakati wa baridi atakohoa. Samaki alikuwa na miiba. Karanga zingemharisha. Ukitazama vizuri, kila chakula kilichomfaa kilikuwa na sababu yake ya kukatazwa, na sababu zote zilitolewa kwa mapenzi.

Na mtoto akanenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikawa mikubwa, mikono ikang'aa. Majirani walikuwa wakija kumtazama. Walisema anafanana na watoto wa mabwana wakubwa wa serikali wa kule mlimani. Kisha nywele zake zikabadilika. Zilikuwa nyeusi za kipilipili kama za baba yake, zikaanza kulainika, kunyooka, na kupata wekundu fulani. Hapo ndipo ukoo wetu ulipopoteza akili kabisa.

Lazima nikueleze. Sisi kwa upande wa mama tulikuwa na babu wa babu aliyekuwa Mwarabu, mfanyabiashara aliyepita Tabora akaja kuishia Mwanza. Hakuna aliyemwona. Sura yake hatukuijua, wala hakutuachia kitu chochote, lakini nyumbani kwetu alitajwa katika kila sherehe kana kwamba yuko chumba cha pili anavaa kanzu. Basi Rajabu alipoota nywele laini nyekundu, dada akaamua damu ya babu imerudi. Akawa anazipaka mafuta ya nazi, anazichana kwa kitana, anamkalisha barazani ili wapita njia waone. Mimi pia nilijivuna. Nilimbeba mpaka kwa fundi aliyekuwa akinifundisha kushona ili nikamwonyeshe.

Tena alikuwa mtulivu. Alikaa pale alipowekwa. Halii, hadai, hachezi na mchanga, hawafukuzi kuku. Tukasema amezaliwa na adabu. Mwanangu, hata leo nikiyakumbuka maneno hayo mwili unanisisimka. Mtoto wa umri ule anakaa kimya kutwa nzima, sisi tunamsifu adabu.

Kipupwe kikielekea mwisho akaja mama yake shemeji Saidi, Bi Nyamizi, Msukuma wa Sengerema, aliyevuka ziwa kutoka Kamanga na kapu la karanga na kifurushi cha ubuyu kichwani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na dada alimwogopa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaribishwa kitini. Dada akamleta Rajabu amevalishwa sweta, soksi na kofia ya sufu, akaivua kofia taratibu ili bibi azione zile nywele. Tukakaa tunangoja kusifiwa.

Bi Nyamizi hakucheka. Alizishika nywele, akavuta kidogo, na zikabaki vidoleni mwake bila mtoto hata kugeuza kichwa. Akamvua sweta. Akamvua soksi. Dada akalalamika kwamba mtoto atapatwa na baridi, naye akafanya kama hajasikia. Ndipo alipoubonyeza ule mguu, na ndipo nilipoliona lile shimo. Akabonyeza na mguu wa pili. Kisha akamtazama dada, akasema kwa sauti ya chini:

"Mtoto huyu ana njaa."

Njaa, katika nyumba iliyopika mara tatu kwa siku? Dada alisimama. Alisema mtoto wake anakula kuliko watoto wote wa mtaa ule, na mwenye macho aone mashavu. Halafu akageukia upande wangu na kusema, kwa namna ambayo Bi Nyamizi asikie, kwamba kuna watu wanaumia mjukuu akichukua upande wa mama yake. Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna binti aliyemjibu mama mkwe hivyo zama zetu.

Jirani yetu, Mama Kulwa, aliyekuwa akianika dagaa palepale uani, akaja karibu kuangalia. Aliliona shimo, akashika mdomo, akasema neno ambalo kila mzazi alilihofu: kwamba mtoto amebemendwa. Unalijua neno hilo? Maana yake baba na mama wamekutana mtoto akiwa bado ananyonya, na mtoto ndiye anayeadhibiwa. Lilikuwa neno la aibu kubwa. Dada aliposikia, na tumbo lake limeshaanza kuonekana, alimnyakua Rajabu, akamfunika kanga gubigubi na kwenda naye ndani. Akiwa mlangoni alisema mtoto wake ni mzima, na asitokee mtu wa kumgusa tena.

Mimi nilidhani sasa Bi Nyamizi atafunga kapu lake na kurudi alikotoka. Badala yake alimwambia Mama Kulwa aende akaangalie dagaa wake. Halafu akasogea mlangoni, hakuingia, akaongea akiwa amesimama nje. Alimwita dada mayu, jina la mama kwa Kisukuma, wanalowaitia hata wadogo wakitaka kusema nao kwa upole.

"Mayu, sijaja kukuaibisha. Wangu wa kwanza alinenepa hivihivi. Tukamsifu, tukamfunika nguo, na nilimzika akiwa mnene."

Mwanangu, nilikuwa nimemfahamu yule mama miaka kadhaa na sikuwahi kusikia kwamba alifiwa na mtoto kabla ya Saidi. Nadhani hata Saidi mwenyewe hakujua. Baadaye mlango ukafunguka, dada akatoka na mtoto begani, macho mekundu, akauliza wafanye nini.

Kwanza walikwenda hospitali. Usije ukasema mimi bibi yako nilisema dawa iko jikoni tu, sikusema hivyo. Daktari alibonyeza mguu uleule, akaona shimo lilelile, akasema maradhi haya yanatokana na mtoto kushibishwa chakula kisichojenga mwili. Uji wa muhogo na sukari unajaza tumbo, basi. Wakalazwa. Alipotoka hatarini waliruhusiwa, na agizo likawa mtoto apewe maziwa, karanga, samaki na matunda, kidogokidogo, mara nyingi, na arudishwe kupimwa kila wiki. Bi Nyamizi akavua kanga ya safari, akavaa ya jikoni. Alisema haondoki.

Sasa sikiliza alivyokuwa akitengeneza, maana nilisimama karibu nikitazama, na mpaka leo natengeneza hivyohivyo. Ubuyu aliuloweka kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo, akaufikicha kwa mikono iliyonawiwa mpaka unga wote ukaachana na mbegu, akauchuja kwa kitambaa safi. Karanga alizichambua, zile zenye ukungu akazitupa bila huruma, nyingine akazikaanga, akazipepeta maganda, akazisaga juu ya jiwe mpaka zikatoa mafuta na kuwa laini kabisa, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kupaliwa na kipande. Ndizi mbivu, ile iliyoanza madoa meusi, aliiponda kwa mwiko. Maziwa ya Kisesa aliyachemsha hadi yakafura, akayaacha yakawa vuguvugu. Kisha vyote vikaingia kwenye chungu kidogo, ubuyu ukawa wa mwisho na kwa uchache, maana ukiutia mwingi maziwa yanakatika. Akakiweka kijiti cha kupekechea katikati, akakizungusha baina ya viganja mpaka povu likapanda. Siku ambazo hakuna ndizi alitia papai. Blenda yako inafanya kazi hiyo kwa dakika moja, na huumwi mikono.

Dada aliuliza kuhusu baridi, alikuwa bado na woga. Bi Nyamizi akachovya kidole chake kwenye kikombe, akachovya na cha dada. Kilikuwa cha uvuguvugu kama maziwa ya mama. Akauliza ubaridi uko wapi hapo. Akamkalisha mtoto mahali pasipo na upepo, akaanza kumpa kwa kijiko.

Ningependa kukwambia kwamba alipona palepale. Ilikuwa kinyume chake, na hapa ndipo roho zetu ziliporuka. Rajabu alianza kukonda. Alikojoa, alikojoa, nasi tunafua matandiko kutwa. Miguu ikapungua, ikawa vijiti. Yale mashavu yakaenda. Mbavu zikatokeza, mabega yakachongoka, ngozi ikamlegea mapajani kama nguo ya kuazima. Siku moja nilipokuwa namwogesha nilikaribia kupiga kelele, maana sikumtambua. Tulimpeleka hospitali akiwa mnene, na sasa nimeshika kiunzi cha mtoto. Daktari wa kumpima alisema tuendelee. Nani alimwamini? Uani walishaanza kunong'ona kwamba yule mama wa Sengerema anammaliza mjukuu wake kwa kile kinywaji, kwamba ndani ya kile chungu hamna karanga na ubuyu peke yake.

Nami nikanong'ona nao, sitakuficha. Nilikuwa naogopa.

Asubuhi moja Bi Nyamizi ameshamkalisha mtoto, ameshampa vijiko viwili vitatu, dada akatoka chumbani. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu juani, mgongo ule, shingo ile. Kisha akakichukua kikombe mkononi mwa mama mkwe wake. Hakupiga kelele. Alisema imetosha, mtoto wake alikuwa mzuri, na tangu anywe uchafu huu amekwisha, na kama ni kufa afe na uji wake. Akageuka ili akimwage kwenye mtaro. Mama Kulwa na wenzake walikuwa wamesimama wote. Mimi nilikuwa na sindano na kitambaa mkononi, sikuweza kusogea. Bi Nyamizi naye hakunyanyuka. Nilimwona akiukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake, na nikajua kwamba hata yeye hana hakika.

Rajabu akalia.

Hukuzoea kumsikia, kwa hiyo huwezi kujua. Sisi hatukuwa tumeisikia sauti yake tangu baridi ilipoanza. Alilia kwa hasira, kinywa wazi, machozi yanamtiririka, akautupa mwili mbele na kunyoosha mikono yake miwili myembamba kuelekea kile kikombe. Akaanguka kifudifudi mkekani. Akatambaa kukifuata. Kuku wakatawanyika. Dada alisimama na kikombe juu ya mtaro, ameganda, na yule mtoto wake wa adabu anamfokea na kumvuta upindo wa kanga.

Bi Nyamizi ndipo aliposema:

"Huyo ndiye mwanao. Yule mnene alikuwa maji matupu."

Dada alikaa chini pale pale penye unyevu. Akampakata, akamwekea kikombe mdomoni, na mtoto akakishika kwa mikono yote, akanywa mpaka tone la mwisho, akalia tena kwa kuwa kimekwisha. Hapo dada naye akaangua kilio, na Mama Kulwa, na mimi. Tulikuwa tumeona kitu cha kutisha, mwanangu. Tuliona kwamba kwa miezi ile yote mtoto alikuwa akifa mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tukimpaka mafuta na kumchana nywele.

Tulimpikia Bi Nyamizi siku ile, na dada alimpigia magoti kuomba radhi. Alikubali, akamwambia ampikie mtoto kwanza. Alikaa nasi mpaka mvua za vuli, akamtunza na dada pia, maana kile kinywaji alimnywesha na yeye, na mtoto wa pili alizaliwa ana kilo zake. Rajabu alijenga mwili upya, nyama ya kweli, inayobonyea na kurudi. Zile nywele nyekundu zilipukutika zote na chini yake zikaota nyeusi za kipilipili. Yule babu Mwarabu hakutajwa tena kwa sauti nyumbani kwetu. Na sherehe za uhuru zilipofika, kijana wetu alikuwa mtukutu, alitupotea kwenye umati tukamtafuta mpaka tukamkuta kwa muuza miwa.

Basi nasaha yangu ni hii, na ni ya wazi. Baridi isikufanye umnyime mtoto chakula. Matunda hayana ugomvi na kipupwe, wala maziwa. Chemsha maziwa, acha yawe vuguvugu, saga karanga laini, tia ndizi au papai, ubuyu au chungwa kidogo, usiogope kuongeza parachichi kama unalo. Sukari iache dukani. Nawa mikono, osha na hiyo blenda mpaka chini ya visu, maana uchafu hujificha pale. Kama mtoto wako karanga zinamdhuru, acha, tumia kingine. Asiyetimiza miezi sita aachwe na ziwa lake peke yake. Na ukipata mimba usimwachishe mkubwa kwa siku moja kama tulivyofanya sisi, kawaulize kliniki kwanza.

Halafu mtazame mtoto, usitazame mashavu. Mwenye kukaa kimya kutwa usimsifu, muulize ana nini. Bonyeza mguu wake. Ukiona shimo, usiende kwa jirani, usiende kwa mganga, usimfunike sweta kwa kuogopa maneno ya watu. Mbebe siku hiyohiyo umpeleke hospitali. Na akianza kupona akakonda, usikimwage kikombe. Mimi nilimwona aliyetaka kukimwaga, naye alikuwa mama mwenye mapenzi kuliko wote niliowajua.

Nenda sasa, kaitoe hiyo blenda kabatini, baridi ndiyo kwanza imeanza. Mungu akubarikie mikono yako na chungu chako. Akujaalie watoto wenye sauti, wakuamshe alfajiri wakidai kula, wakuchoshe, wakuvute kanga, nawe usikose cha kuwatilia kikombeni. Amina.